Niliingia Katonga na mbalamwezi

Machi 2023 nilipoteza zaidi ya laki nane kwa magunia mawili ya dagaa. Karibu kila wiki kuna mtu hapa sokoni kwetu Tabora ananiomba namba ya "mtu wa Kigoma" wa kumtumia mzigo, na kila nikiombwa moyo unanidunda, kwa sababu najua ile njia inakoishia. Nimeamua nieleze yote, na hesabu zake, hata zile ambazo kwa miezi mingi sikutaka mtu azijue.

Mimi nauza vyakula vikavu: mchele, maharage, karanga, unga wa muhogo. Dagaa wa Kigoma nilikuwa nawaona kwenye meza za wenzangu, na nilikuwa naona jinsi wateja wanavyowafuata hata bei ikipanda. Nikakopa kwenye kikoba chetu milioni moja na nusu. Nikapewa namba ya dalali, tukaongea kwa simu mara tatu. Alikuwa na sauti ya upole, ananiita "mama" kila sentensi. Alinitajia shilingi 19,000 kwa kilo, kilo 64, magunia mawili. Nikatuma 1,216,000 nikiwa nimekaa pale pale kwenye meza yangu. Mzigo ulipofika nikalipa nauli yake 40,000.

Machi ni mvua. Kwetu ilikuwa inanyesha, na Kigoma ilikuwa inanyesha, lakini akili yangu haikuiunganisha mvua na dagaa. Nilidhani dagaa anakauka tu, kama vile mahindi yanavyokauka mwishowe hata ukichelewa.

Gunia la kwanza lilikuwa na mchanga. Nilipowachekecha nilipata mchanga karibu nusu sado, na bado mteja akipika alikuwa anausikia kwenye meno. Gunia la pili lilikuwa baya zaidi. Juu kulikuwa na dagaa wakavu wazuri, wa kung'aa. Nikaingiza mkono katikati nikakuta joto, kama ndani ya kitu kinachopumua. Chini walikuwa wameshikana, wana ukungu, na harufu yake ilikaa kwenye viganja vyangu hadi siku ya pili. Alikuja mtu kutaka kuwanunua kwa ajili ya kuku. Nilikataa. Ukungu ule unamdhuru na kuku, na mayai ya kuku huyo yanaliwa na watoto wa watu. Nikachimba shimo nyuma ya nyumba nikawafukia.

Gunia la kwanza niliuza kwa bei ya kuomba, nikapata 430,000. Nilitoa 1,256,000, zikarudi hizo. Simu ya dalali iliita siku mbili za kwanza, baada ya hapo haikupatikana tena. Kwenye kikao cha kikoba cha Jumamosi nilikaa nyuma kabisa, nikarejesha kwa pesa niliyokuwa nimeitenga kwa sare za shule. Nilimwambia mama yangu peke yake. Aliniuliza swali moja tu: "Hao dagaa uliwahi kuona wanavyoanikwa?" Sikuwa na jibu.

Swali hilo ndilo lililonipandisha basi mwezi Agosti. Nilikuwa nimebakiwa na laki saba, mtaji wote. Niliifunga kwenye kitambaa nikaizungushia kiunoni chini ya khanga, nikapanda basi la alfajiri siku ya Jumatano, tarehe 30. Tulipita Urambo, Kaliua, Nguruka, tukavuka Malagarasi, tukala vumbi kwenye kipande ambacho lami ilikuwa bado haijafika, tukashuka Uvinza kwenye chumvi, na alasiri tukaingia Kigoma. Mkononi nilikuwa na chupa ya asali ya kwetu niliyoibeba kwa ajili ya mwenyeji ambaye hata sikuwa naye. Nilibeba kwa mazoea tu. Mtu wa Tabora haendi ugenini bila asali.

Sikuwa nimetafuta pa kulala. Sikuwa nimempigia mtu yeyote. Nilimuuliza dereva wa bodaboda dagaa wanapatikana wapi, akanitajia Kibirizi upande wa kaskazini wa mji na Katonga upande wa kusini. Nikasema Katonga, kwa sababu ndilo jina alilolitaja mwisho. Kama unasoma haya ukijiandaa kwenda, usifanye nilivyofanya mimi: mwanamke peke yake, saa kumi na moja jioni, laki saba kiunoni, anaelekea kijiji cha wavuvi asikomjua hata mtu mmoja. Sikuibiwa. Lakini usiku ule nililala nikitetemeka nilipofikiria ingekuwaje.

Nilipofika nilifurahi sana. Mitumbwi ilikuwa imejaa ufukweni, imevutwa juu ya mchanga, imepangwa ubavu kwa ubavu mpaka kule kwenye mawe, mingine mikubwa ya mbao iliyopakwa rangi, mingine midogo ya taa. Watu walikuwa wengi. Wanaume wamekaa chini ya vivuli wanashona nyavu, watoto wanaoga, akina mama wanasukana. Nikasema moyoni, Mungu ameniona, nimekuta wamerudi wote na mzigo. Nikatoa simu nikaanza kupiga picha: mitumbwi, injini, nyavu, taa.

Hazikupita dakika tano. Vijana wawili walikuja wakasimama mbele yangu. Hawakunigusa wala hawakunitukana.

"Dada, picha za nini?"

Nikasema nimekuja kununua dagaa. Wakatazamana. Mmoja akasema twende kwa mwenyekiti. Nikaongozwa kama mtuhumiwa mbele ya kijiji kizima mpaka kwa uongozi wa mwalo, wale wa BMU, wanaosimamia mambo ya uvuvi pale ufukweni. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, alinipa kiti kabla ya kuniuliza chochote. Aliomba kitambulisho, nikampa cha NIDA. Aliomba kuona zile picha. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mwanawe, kwamba ziwani kuna watu wanaovamia wavuvi usiku, wanachukua injini na nyavu, na mvuvi akiporwa injini amerudi nyuma miaka. Mgeni asiyejulikana anayepiga picha za injini jioni, mtu atamfikiriaje? Nikazifuta picha mbele yake moja moja. Hakuniambia nizifute. Nilisikia aibu, na nilielewa.

Kwa hiyo, ukifika mwalo wowote, anza kwa uongozi. Salimia, jitambulishe, sema umetoka wapi na unataka nini. Wenyeji wa pale watasalimiana kwa Kiha, kirefu, hawana haraka, na wewe usiwe na haraka. Kiswahili kinatosha kabisa, hata hivyo mtu anayeanza na bei kabla ya salamu anajulikana mara moja kuwa ni wa kuja na kuondoka. Mimi nilikuwa nimeanza na simu.

Nilipotoka kwa mwenyekiti jua lilikuwa linazama. Kigoma jua huzama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, na maji yanakuwa mekundu mpaka miguuni pako. Karibu na pale palikuwa na mzee anashona wavu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nimekuja kununua dagaa.

"Ndiyo, mzee."

"Leo?"

"Leo, au kesho asubuhi wakirudi."

Akaweka sindano ya nyavu chini, akanyoosha mkono kuelekea nyuma yangu, kwenye vilima.

"Geuka uangalie."

Nikageuka. Mwezi ulikuwa unachomoza nyuma ya vilima, mzima, mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona, wakati jua bado halijaisha upande wa pili.

"Huyo ndiye mwenye ziwa wiki hii," akasema. "Hakuna anayetoka."

Miguu iliniisha nguvu. Mitumbwi ile niliyoifurahia ilikuwa pale ufukweni kwa sababu hapakuwa na uvuvi. Nilikuwa nimekuja siku mbaya kuliko zote za mwezi, na ningeweza kuijua siku hiyo kwa kutazama tu juu nikiwa nyumbani kwangu Tabora.

Mzee alinieleza jambo ambalo kila mtoto wa Katonga analijua. Dagaa mchana hukaa kilindini, usiku hupanda juu kufuata vijidudu anavyokula. Wavuvi huwasha taa, vijidudu vinavutwa na mwanga, dagaa anafuata, na nyuma ya dagaa anakuja mgebuka anayemla dagaa. Wanashusha wavu chini kabisa, wanasubiri wajikusanye, kisha wanaupandisha polepole. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa wengi wanatumia taa za betri. Lakini taa inafanya kazi kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima ni taa, dagaa anatawanyika, na mafuta ya injini yanachomwa bure. Ndiyo maana kila mwezi kuna siku za giza, ambazo ni siku za kazi, na siku za mbalamwezi, ambazo ni za kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kwenda harusini na kulala na familia.

Nilimuuliza watatoka lini. Akaniambia mwezi hautokei saa ile ile kila siku. Kila usiku unachelewa kidogo. Siku nne, tano, utakuwa unachomoza watu wameshalala, na hapo kabla haujachomoza kuna giza la saa chache. Watu wenye njaa wanaanza na hilo giza dogo.

Ndipo nilipoanza kulia. Siku tano, na sina pa kulala. Sikulia kwa sauti, lakini mama mmoja aliyekuwa anakunja mikeka ya kuanikia aliniona. Alikuja, akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikamwambia kila kitu, kuanzia Machi, pale pale tumesimama kwenye mchanga. Sijui kwa nini nilimwambia mtu nisiyemjua jambo nililowaficha ndugu zangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, dagaa wa Machi aliyekauka sawasawa hana muda wa kumtafuta mtu wa kwenye simu. Anagombewa hapa hapa." Kisha akasema twende nyumbani, watoto wameshapika.

Nilikaa kwake siku tisa. Ile asali ilimpata mwenyewe. Tulikula ugali wa muhogo kwa mgebuka wa mawese, wa kubanikwa, kwa sababu wabichi hawakuwepo. Pesa yangu alinishauri asubuhi iliyofuata niiweke kwenye simu kwa wakala wa mjini, na nikafanya hivyo kabla ya kunywa chai.

Kama ningekuja kwenye giza, kila mtu angekuwa anakimbia na beseni kichwani, na mimi ningenunua, ningelipa, ningeondoka bila kujua kitu. Kwa vile nilikuja na mbalamwezi, watu walikuwa na nafasi ya kuongea. Kila jioni nilikaa na akina mama pale ufukweni, na kila jioni nilijifunza kitu ambacho simu isingenifundisha kwa mwaka mzima.

Nilijifunza kwamba akina mama wengi hawasubiri mtumbwi ufike ndipo watafute dagaa. Wanampa mwenye mtumbwi pesa ya mafuta mapema, na mtumbwi ukirudi alfajiri wao ndio wa kwanza kupimiwa. Mnunuzi wa kutoka mbali asiye na mtu pale anapata kilichobaki. Bei ya dagaa mbichi inapanda na kushuka ndani ya asubuhi moja, kutegemea mitumbwi mingapi imerudi na mzigo. Na hesabu ya kukausha: yule mama alihesabu kilo nne za mbichi kumpa kilo moja ya wakavu. Mtu akikuuzia wakavu kwa bei inayokaribia ya mbichi mara tatu tu, jiulize amefidia na nini. Amefidia na maji au mchanga.

Nilijifunza kuanika kwa mikono yangu, baadaye, giza lilipoingia. Kuna wanaoanika juu ya mchanga moja kwa moja, kuna wanaotandika mikeka au nyavu chakavu, na kuna wanaotumia vichanja, meza ndefu za miti zenye wavu wa waya juu, zinazofika kiunoni. Wa kwenye kichanja anapata upepo juu na chini, kuku na mbuzi hawamfikii, na mvua ikinyesha ghafla unamfunika turubai bila kumkusanya. Wa kwenye mchanga ni wa haraka kwa mwanikaji kwa sababu mchanga una joto, ila mchanga huo ndio ule niliouchekecha mimi. Jua likiwa kali kama lile la mwisho wa kiangazi, dagaa aliyemwagwa asubuhi na kugeuzwa mchana anakuwa amekauka kwa nje jioni. Hapo ndipo penye hatari. Mwenye haraka anamweka kwenye gunia jioni hiyo. Mama yangu wa Katonga alikuwa anawarudisha juani siku ya pili, kila mara, hata wanunuzi wakimsimamia. "Nje amekauka, ndani bado analia," ndivyo alivyosema. Kwenye masika siku ya pili haina jua, wala ya tatu, na mtu ambaye ameshalipia mbichi hataki kuwatupa. Hapo nikaelewa joto lile nililolikuta katikati ya gunia langu.

Akanifundisha kukagua. Shika dagaa mmoja, mvunje katikati: mkavu anavunjika kwa sauti, mbichi wa ndani anapinda. Mtazame tumbo kama limepasuka. Aliyekaa sana kabla ya kuanikwa tumbo linafunguka. Mtafune mmoja kavu hivyo hivyo, na usione haya kutema. Omba kikombe cha maji, tia kiganja cha dagaa, koroga, subiri, kisha tazama chini ya kikombe kuna mchanga kiasi gani. Na gunia lifunguliwe, limwagwe lote kwenye turubai mbele yako, lisipimwe likiwa limeshonwa. Muuzaji anayekasirika ukimwambia amwage, mwache. Pale Katonga hakuna aliyekasirika. Walinisaidia kumwaga.

Jioni ya Jumatatu, tarehe 4 Septemba, mitumbwi ya kwanza ilitoka. Haikuwa mingi. Kulikuwa na upepo wa kusi, na wanaume waliongea kidogo kuliko siku nyingine. Walipanga taa, wakakagua mafuta, wakasukuma. Nilikuwa nimeongea na baadhi yao siku zote zile, nikijua nani ana mtoto mgonjwa na nani anadaiwa injini, na nilipowaona wanapotelea kwenye maji yale nilishikwa na hofu ambayo sikuitarajia. Shuleni tulifundishwa kwamba Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, na kwamba duniani ni Baikal pekee linalolipita kwa kina. Zilikuwa tarakimu za mtihani. Pale ufukweni usiku, taa zilipoanza kuwaka moja moja mbali mpaka zikafanana na mji mdogo, nilielewa kwamba kila taa ina watu chini yake. Mama alikuwa amesimama pembeni yangu. Mwanawe mkubwa alikuwa kwenye moja ya taa zile. Hakuondoka mpaka mwezi ulipochomoza.

Alfajiri walirudi wote. Mzigo ulikuwa mdogo, kwa kuwa giza lilikuwa fupi, lakini ulikuwepo. Nilibeba beseni, nilimwaga, niligeuza, nilifukuza kuku, mgongo ukaniuma kwa namna ambayo haujawahi kuniuma sokoni. Tangu siku hiyo mteja akiniambia "dagaa wako ghali" simjibu kwa ukali kama zamani. Namweleza.

Nilinunua kilo 30 tu, kwa 18,500, jumla 555,000. Ningeweza kuongeza, pesa ilikuwepo, lakini mama alinizuia. Alisema mara ya kwanza nunua unachoweza kukipoteza bila kuuza kitanda. Niliwafunga kwenye magunia safi na makavu, nikiwa nimeyapima matupu kwanza ili uzito wa gunia usihesabiwe kama dagaa.

Jambo ambalo karibu linikwamishe ni makaratasi. Nilikuwa sijui kabisa kwamba mazao ya uvuvi yana sheria yake, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009, na kwamba kusafirisha dagaa kwa biashara kunahitaji leseni na kibali, na kuna ushuru wa halmashauri pale mzigo unapotoka. Mzigo wangu wa Machi ulisafiri bila chochote. Nilishukuru kwamba haukukamatwa, sasa najua ungekamatwa ningekuwa sina la kujitetea. Mwenyekiti wa mwalo ndiye aliyenielekeza kwa afisa uvuvi. Nilipoteza nusu siku, nikalipa, nikapewa risiti. Barabarani tulisimamishwa, nikatoa karatasi, dakika mbili tukaendelea. Dai risiti kwa kila unacholipa na zitunze pamoja. Mtu akikuambia "nipe kidogo tumalizane" wakati makaratasi yako yamekamilika, huna sababu ya kumpa.

Nirudi kwenye hesabu, maana najua wengi wanaruka huku na kule kuitafuta. Nilifika Tabora na kilo 30, kilo moja ikaishia kwenye kuonja na kwa mama yangu. Kilo 29 niliuza kwa 26,000, nikapata 754,000. Nauli yangu kwenda na kurudi 54,000, mzigo 15,000, kibali, ushuru na magunia 22,000, na vitu vidogo vya njiani 13,000. Ilibaki faida ya 95,000. Ukiihesabu kwa siku tisa nilizofunga meza yangu sokoni, ni ndogo. Sikuwaambia wenzangu kwamba nimepata faida kubwa, kwa sababu si kweli. Ila hakuna mteja hata mmoja aliyerudi kulalamika, na wiki iliyofuata walikuja watu waliotumwa na wale wa kwanza.

Safari tatu zilizofuata nilikaa siku nne nne. Desemba nilimaliza deni la kikoba. Siku hiyo nilikaa mbele.

Kosa jingine nililifanya mwaka uliofuata, na hili sikulaghaiwa na mtu. Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Nchi zinazolizunguka ziwa, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimekubaliana. Habari ilitangazwa mapema, mama wa Katonga alinipigia mwenyewe akaniambia niweke akiba. Sikuweka ya kutosha. Nilifikiri ni maneno tu. Juni meza yangu haikuwa na dagaa na wateja wangu wakaenda kwingine, wengine mpaka leo hawajarudi.

Nilikasirika wakati ule, lakini mzee wa nyavu alinieleza jambo nilipokwenda baada ya kufunguliwa. Ziwa lile lina kina kikubwa hivyo, ila maji ya chini hayana hewa. Samaki anaishi kwenye tabaka la juu tu. Ukilitazama unaona utajiri usio na mwisho, kumbe unaoweza kuvuliwa umekaa kwenye ngozi yake. Aliniambia ujana wake mtumbwi mmoja ulijaa usiku mmoja, na wavuvi hawakuwa wengi hivi. Wanawe wanakwenda mbali zaidi na wanarudi na kidogo. Miezi ile mitatu familia ya mama ilipata shida ya kweli. Alipika mihogo na maharage, akauza mawese, mwanawe akaenda kufanya vibarua vya ujenzi mjini. Nilimtumia pesa kidogo mara mbili. Alinirudishia yote kwa dagaa Septemba, ingawa nilimkatalia.

Siku hizi sinunui kabisa kuanzia Desemba mpaka mvua ziishe, isipokuwa mama awe ameniambia kwa kinywa chake kwamba kuna jua na amewarudisha juani siku ya pili. Kwenye ukuta wa stoo yangu kuna kalenda, na nimezungushia kalamu siku za mwezi mpevu kila mwezi. Sipandi basi katika siku tatu kabla yake wala nne baada yake, ila nikitaka tu kwenda kumsalimia. Nikienda nabeba sweta, kwa sababu jioni ule upepo wa ziwani ni baridi kuliko watu wa bara tunavyodhani, na nabeba asali.

Wanaoniomba namba siwapi. Namba ni ya mtu, na yeye ndiye mwenye kuamua. Nampigia kwanza, namwambia kuna dada fulani au kaka fulani anataka kuja. Huwa haniulizi ana pesa kiasi gani. Huniuliza anakuja tarehe ngapi. Nikimtajia, ananyamaza kidogo upande wa pili wa simu, namsikia anahesabu kwa sauti ya chini, usiku baada ya usiku, kisha ananipa tarehe nyingine.